Zamu ya Dunguni

Katika mji wa Pangani, ambako mto mkubwa humwaga maji yake baharini na pantoni huvusha watu kwenda Bweni asubuhi na jioni, mwanamume akivimba sehemu ya siri hapatikani mtu wa kustaajabu, kwa maana pwani yetu imejuana na busha tangu zama za mababu, na kila mtu, mwenye elimu na asiye nayo, hulitaja neno hilo moja akaona amekwisha kuyatambua maradhi. Nami nilipokuwa na umri wa miaka 33, mume wa mke mmoja na baba wa mtoto mmoja, mwalimu wa hisabati ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwakanya vijana wasiandike jibu kabla ya kufanya hesabu, niliandika jibu kabla ya hesabu. Nilipougusa uvimbe mgumu, usiouma, katika korodani yangu ya kulia, niliuita busha, nikaufunika kwa kikoi, nikanyamaza miezi 4.

Ujinga ulikuwamo katika kunyamaza kule, lakini sehemu kubwa ilikuwa haya, na haya kwetu ni pambo la mtu maadamu haijageuka kuwa pingu. Lugha yetu yenyewe, yenye utajiri wa maneno ya bahari, ya mvua na ya mapenzi, ikifika katika sehemu hiyo ya mwili hupunguza sauti: tabibu husema korodani, wakulima husema kende, na mtu wa staha hasemi neno, huinamisha uso tu. Wazee waliponena kuwa mficha uchi hazai, na kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, walikuwa wamekwisha kuniandikia cheti changu kabla sijazaliwa. Lakini ni nani asikiaye methali akadhani kuwa ndiye anayetajwa? Hatimaye nilikwenda katika zahanati moja, ambayo sina haja ya kuitaja jina, nikapewa vidonge vya kuua vijidudu vya siku 10, kisha vingine vya siku 10, na mara zote mbili hapakuwa na mtu aliyenitaka nivue nguo nitazamwe.

Aliyeniokoa alikuwa daktari wa upasuaji mjini Tanga, mtu mzima wa maneno machache, aliyezima taa ya chumba akawasha tochi ndogo nyuma ya uvimbe. Busha, alinieleza, ni maji yaliyokusanyika, na mwanga hupenya maji ukatoa wekundu kama wa koroboi nyuma ya pazia; lakini uvimbe wangu ulibaki giza kama jiwe. “Mwalimu,” alisema, “hapa hapana maji.” Altrasaundi ilisadikisha neno la tochi, na katika wiki ile ile korodani iliondolewa, tena kwa mkato wa kinena, wala mfuko wake haukupasuliwa, kwa sababu njia za limfu za korodani hupanda tumboni hadi karibu na figo, ilhali zile za ngozi ya mfuko huelekea kinenani, na kisu kikipita pasipopasa chaweza kuifungulia saratani mlango ambao hapo kabla haukuwapo. Nilipoyafahamu hayo kisu nilichokatwa nilikisahau, nikatetemeka kwa kile ambacho ningekatwa lau ningejipanga, kama nilivyokuwa nimekusudia, katika foleni ya upasuaji wa mabusha.

Nilidhani kuwa mambo yamekwisha, kumbe kilichokwisha kilikuwa ile sehemu ambayo mgonjwa haulizwi rai yake. Wiki chache baadaye nilikuwa nimeketi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mahali ambapo Wajerumani walijenga hospitali yao ikitazama bahari, nikiwa na bahasha ya karatasi mapajani. Karatasi hizo zilikuwa njema kwa kadiri karatasi za saratani ziwezavyo kuwa njema: uvimbe ulikuwa wa sentimita 3, aina yake seminoma, ambayo kwa kawaida huenda polepole, haukuingia katika vijia vya mbegu vilivyomo ndani ya korodani, na picha ya skani ya kifua na tumbo haikuonyesha tezi yoyote iliyovimba. Kabla ya upasuaji damu yangu ilikuwa imekutwa na chembe za homoni ya mimba, ile ile itafutwayo kwa mwanamke aliyekosa siku zake, na niliposoma jina la kipimo hicho nilikwenda dirishani kumwambia dada wa maabara, kwa adabu zote, kuwa karatasi yangu imechanganywa na ya mama mwingine. Alicheka hata akashika meza, kisha akanieleza kwa huruma kuwa baadhi ya seminoma hutoa homoni hiyo, na kuwa kushuka kwake baada ya upasuaji ni bishara njema. Yangu ilishuka ikatoweka.

“Basi nimepona, daktari?” nilimwuliza bibi daktari aliyezipokea karatasi zile.

“Aghalabu umepona,” alijibu, na neno lile aghalabu ndilo lililonitia safarini.

Alinifafanulia kwa tarakimu, akijua kuwa azungumza na mtu wa tarakimu. Katika wanaume 100 walio kama mimi, wapatao 80 hadi 85 wamekwisha kupona siku ile ile ya kisu na hawahitaji tone la dawa aushi yao. Katika wale 15 hadi 20 waliobaki, mbegu ndogo isiyoonekana kwa picha yoyote imekwisha kutangulia, aghalabu katika tezi za nyuma ya tumbo, nayo kwa walio wengi itajidhihirisha katika miaka 2 au 3 ya mwanzo. Udogo wa uvimbe wangu na usalama wa vile vijia uliipunguza hatari hiyo, lakini haukuiondoa, na hakuna kipimo kiwezacho kumwambia mtu kwa yakini yu katika kundi gani. Njia zilikuwa 3. Ya kwanza ni kuangaliwa: damu, mkono wa daktari na picha, kwa tarehe zilizopangwa, pasipo dawa yoyote mpaka saratani ijionyeshe, kama itajionyesha. Ya pili ni dripu moja ya kaboplatini, ambayo huwashusha wanaorudiwa hata wakawa kama 5 katika 100. Ya tatu ni mionzi ya tumbo kwa wiki 2, ambayo huwashusha hata wakawa kama 4, ila kwa kijana mionzi hiyo yaweza kuzaa saratani nyingine baada ya miaka mingi, na kwa hiyo matabibu siku hizi husita kuitumia. Kisha akaniambia jambo lililonifanya niinue kichwa: katika njia zote 3, wanaonusurika na maradhi haya ni kama 99 katika 100.

Nilitafuta kosa katika hesabu ile kama nitafutavyo kosa katika daftari la mwanafunzi, nisilione. Ikiwa jibu la mwisho ni moja, njia ni za nini? Ilinichukua usiku kucha, katika nyumba ya jamaa huko Temeke, kufahamu kuwa kilichozitofautisha ni bei, na wakati wa kuilipa. Anayechukua dawa leo hulipa kidogo kwa yakini, na yamkini hulipa deni ambalo si lake, kwa kuwa wengi wa wanaoichukua walikwisha kupona. Anayengoja hatoi kitu leo, lakini akiwa miongoni mwa wachache wanaorudiwa atalipa kwa mkupuo, ama kwa mionzi, ama kwa mizunguko 3 ya dawa kali, kila mmoja wa wiki 3, dawa ambazo zaweza kugusa figo, mapafu, masikio na mishipa ya fahamu.

Zamani hesabu hii haikuwa na maana yoyote, kwa maana aliyerudiwa aghalabu alikuwa hana pa kukimbilia. Baadaye nilisoma kuwa mwaka 1965, katika jimbo la Michigan huko Marekani, mtaalamu Barnett Rosenberg alikuwa akipitisha umeme katika maji yenye bakteria, akaona bakteria wameacha kugawanyika, na alipochunguza akakuta kuwa kinachowazuia si umeme, ni madini ya platini yaliyomomonyoka katika vyuma vyake. Humo ndimo ilimotoka sisplatini, ambayo mwaka 1974 Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana aliichanganya na dawa nyingine, akaona vijana ambao saratani ya korodani ilikuwa imekwisha kuwatapakaa mapafuni wakiinuka vitandani. Ghala lilipopata akiba hiyo ndipo Michael Peckham wa hospitali ya Royal Marsden, London, mwishoni mwa miaka ya 1970, alipothubutu kuwaacha baadhi ya wagonjwa wasioonyesha dalili baada ya upasuaji bila tiba ya ziada, akawaangalia kwa karibu. Dripu moja ya kaboplatini nayo ilipata cheo chake mwaka 2005, ulipochapishwa utafiti wa wanaume 1,477 ulioilinganisha na mionzi na kuiona haikupungukiwa. Kungoja kwangu, basi, hakukuwa sawa na kungoja kwa wagonjwa wa zama za babu yangu, waliongoja kwa sababu hapakuwa na jingine. Mimi ningengoja huku dawa imekaa ghalani.

Niliporudi Pangani niliitisha shura ya watu 3: mke wangu, mjomba wangu aliyenilea baada ya baba kufariki, na mimi mwenyewe. Nilizunguka kwa maneno ya “jambo lile” na “upande ule” hata mjomba akanihurumia, akasema, “Mjomba, mimi nimetimiza miaka sabini. Sema kende, tuendelee.” Niliposema, na kueleza yote niliyoyaeleza hapa, alitoa rai yake pasipo kusita. “Usipoziba ufa utajenga ukuta. Chukua dawa, mjomba, ulale usingizi.”

Mke wangu alikuwa akichambua mchele, wala hakuinua uso. “Shikamoo yako, mjomba, lakini huo ufa uko wapi? Fundi hazibi ufa katika ukuta ambao hajauona umepasuka.”

“Na ukipasuka usiku, mwanangu?”

“Basi na awepo mtu wa kuamka kuutazama.”

Maneno yale yalinirudisha utotoni. Mama yangu alilima mpunga bondeni, na mpunga ukianza kushika nafaka watoto hupelekwa kuamia ndege. Hukaa juu ya dungu, jukwaa la miti lililoezekwa makuti, wakiwa na kombeo na kamba zilizofungwa makopo, na mpita njia asiyejua kilimo huwaona wakiwa wameketi akadhani kuwa hawana kazi. Lakini kazi wanayo, tena nzito kuliko ya jembe, kwa sababu jembe hukuamsha lenyewe, na dungu hukubembeleza ulale. Mwaka mmoja, nikiwa na miaka 9, nililala. Niliamshwa na ukimya, maana ndege wanaokula hawaimbi, na nilipotazama kona ya shamba nikaona mashuke yamesimama wima, mepesi, kama watu waliokwisha kusalimu amri. Mama hakunipiga. Aliniambia tu kuwa ndege hawakuja kwa sababu mimi nimelala. Ndege huja kila siku, na ile ndiyo siku walipomkosa mtu.

Tofauti ya mtu aangaliaye na mtu apuuzaye haionekani kwa macho, kwa kuwa wote wawili hawanywi dawa. Nilipokwenda tena Dar es Salaam kutoa jibu, daktari hakuniuliza kama naogopa. Aliniuliza neno moja: “Utarudi?” Akanihesabia: kutoka Pangani hadi Tanga, kutoka Tanga kupitia Segera na Chalinze hadi Dar es Salaam, kilomita zipatazo 400, damu na kuonwa kila miezi 4 kwa miaka 2, kisha kila miezi 6 mpaka mwaka wa tano utimie, na skani 3, katika mwezi wa 6, wa 18 na wa 36. Nilikuwa na kadi ya bima ya afya ya mtumishi wa umma, nilikuwa na jamaa wa kunilaza Temeke, nilikuwa na likizo za shule ambazo zaweza kupangwa, na nilikuwa na mke aliyetaka awepo mtu wa kuamka kuutazama ukuta. Nikasema, nitarudi.

Katika benchi la nje niliketi na baharia wa majahazi, mtu wa Kilwa, mdogo wangu kwa miaka michache, mwenye maradhi kama yangu na karatasi zinazofanana na zangu kama pacha. Yeye alikuwa amechagua dripu. “Kaka,” aliniambia, “mimi nikipata shehena nzuri sirudi bandarini miezi mitatu. Nikisema nitakuja tarehe fulani nitakuwa nimemdanganya daktari na nimeidanganya roho yangu. Bora nipunguze hatari leo nikiwa nchi kavu.” Daktari alikuwa amemweleza kuwa hata baada ya dripu atapaswa kuonwa, ila hatari ya kukosa tarehe itakuwa nyepesi kuliko yangu. Tulilinganisha karatasi zetu, tukacheka, tukaagana, kila mmoja akielekea jibu lake. Na mpaka leo nikiulizwa nani kati yetu aliyepatia, husema sote wawili, kwa sababu yeye aliijua bahari yake nami niliijua shule yangu.

Ningependa kuishia hapo, msomaji anione mtu mwenye busara, lakini kumbukumbu isiyosema kosa la mwenyewe ni hotuba. Skani ya mwezi wa 6 ilikuwa safi, vipimo vya damu vilikuwa safi, nywele hazikunyonyoka, nguvu zilirudi, na ile korodani moja iliyobaki ilitosha, kama daktari alivyokuwa ameniahidi, kwa ndevu, kwa sauti na kwa unyumba, hata tukajaliwa mtoto wa pili. Afya njema, ambayo niliiomba usiku na mchana, ndiyo iliyonilaza. Skani ya mwezi wa 18 ilianguka katika majira ya mitihani. Nilijiambia kuwa vijana wananihitaji, kuwa basi limepanda nauli, kuwa mtu ajisikiaye hivi hana ugonjwa, nikaitia kadi ya tarehe ndani ya kitabu cha logarithimu. Huo ulikuwa ule ukimya wa bondeni, nami sikuutambua. Mke wangu alikiinua kitabu akifuta vumbi, kadi ikadondoka, akaisoma, akahesabu kwa vidole, akaja ukumbini akasimama mbele yangu. “Bwana,” alisema polepole, “dunguni kuna nani?”

Nilifika Dar es Salaam wiki 11 baada ya tarehe. Picha ilikuwa safi. Daktari aliitazama, kisha akanitazama mimi, akasema, “Umebahatika, mwalimu. Bahati siiandiki katika faili.” Katika basi la kurudi nilitambua neno ambalo tarakimu zote hazikunifunza: nilikuwa nimejisifu kwamba niliamua siku moja mbele ya shura, kumbe uamuzi wa kungoja hauamuliwi siku moja. Baharia wa Kilwa aliamua mara moja, dawa ikaingia mwilini, na hata angebadili nia asingeweza kuitoa. Mimi niliyechagua kuangaliwa huchagua upya kila tarehe ifikapo, na tarehe ninayoiacha ni uchaguzi wa nne, ambao hakuna daktari aliyeniwekea mezani, na usiohesabiwa katika wale 99.

Baadaye nilisoma habari za utafiti wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2022, wa wanaume 669 wa namna yangu, ambamo kuangaliwa kwa picha 3 hakukuonekana kupungukiwa mbele ya kuangaliwa kwa picha 7. Maana yake ni kuwa mlinzi hahitaji kupiga kelele kila dakika, yatosha aitazame kona ya shamba kwa wakati wake. Lakini picha zipunguzwapo, kila moja huongezeka uzito, na aikosaye moja katika 3 amekosa theluthi ya macho yake.

Kwa hiyo, wewe kijana usomaye, hasa wa pwani ambako busha limetufumba macho, baada ya kuoga maji ya moto jipapase kwa vidole vyako, na ukikuta ugumu usiouma usiupe jina. Mpelekee tabibu, na asipokutaka uvue, mwombe. Nanyi jamaa wa mgonjwa, msimshurutishe kwa methali, hata iliyo kweli, kabla ya kumwuliza habari za nauli yake, kazi yake na mtu atakayemkumbusha. Nawe uliyekwisha kukatwa na kuwekewa njia mezani, usiulize ipi ni ya shujaa. Jiulize ipi utaweza kuitimiza siku ambayo hujisikii mgonjwa, kisha mweleze mtu mmoja wa nyumbani tarehe zako zote, umpe ruhusa ya kukuaibisha.

Skani yangu ya mwezi wa 36 nimekwisha kuipiga, kwa tarehe yake, nayo ilikuwa safi. Imebaki miaka 2 ya damu na mkono wa daktari. Zamu yangu ijayo ni mwezi wa nane. Kadi imebandikwa ukutani juu ya mtungi wa maji, na nauli iko kwa mke wangu.